Uzi Mwekundu kwenye Mkebe wa Baba

Baba alikuwa na tabia ya kusoma magazeti ya kufungia nyama. Mama akirudi kutoka buchari pale sokoni Subukia, kabla nyama haijafika sufuriani, baba ameshalivua lile gazeti, amelipangusa damu kwa kiganja na kulitandaza juu ya goti. Alikuwa ananitafutia kazi. Akiona tangazo linalotaja maziwa, chakula, maabara au hata "kijana mwenye bidii", alilikata kwa kisu na kunitumia Nakuru kwa mkono wa kondakta. Mengine yalikuwa ya mwaka uliopita. Kuna moja nililipigia simu nikaambiwa kampuni yenyewe ilishafungwa. Sikumwambia. Nilimwambia wamesema wataniita.

"Basi kaa karibu na simu, mama," akasema.

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza. Nilikuwa mtoto wa kupigwa kiboko na wa kutumwa kuni kama ndugu zangu, lakini akiniita aliniita mama, na nadhani mara nyingine alisahau ni nani kati yangu na mamake alikuwa akisema naye.

Nilikuwa na diploma ya maziwa. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Kuna watu husomea sheria na kuna sisi tuliosomea maziwa, namna ya kuyapima, kuyapoza na kuyahifadhi yasiharibike. Baba aliuza ng'ombe wawili ili nisome. Nilipomaliza nilitembea miaka minne na bahasha ya kaki mpaka pembe zake zikawa laini kama kitambaa. Nilifanya kibarua cha kupakia mboga shambani Ndabibi, msimu mmoja. Nikauza chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe katika duka moja Nakuru, mpaka mwenye duka akamleta mpwa wake. Mwishowe nikaishia Milimani, mtaa wa wenye nacho, nikilea watoto wawili katika nyumba yenye mti wa jakaranda na mbwa aliyekula vizuri kuliko mimi.

Siku moja mama mwenye nyumba aliiona bahasha yangu ikiwa wazi kitandani. Akasoma ile diploma akiwa amesimama, kisha akapiga makofi.

"Kumbe wewe ni mtu wa maziwa! Na hukusema! Basi utakuwa unatutengenezea mala."

Nikawatengenezea mala, maziwa ya kugandisha, miezi saba. Ilikuwa mala nzuri, sitajidharau. Nyumbani nilikuwa nimesema nafanya kazi na "watu wa chakula, Milimani", na baba akawaambia watu kanisani hivyo hivyo, na mimi nikaacha kwenda nyumbani Jumapili ili nisiulizwe. Nilikuwa nalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Sikulia kwa sababu ya kazi ya nyumba, kazi ya nyumba ni kazi. Nililia kwa ajili ya wale ng'ombe wawili.

Kisha baba akaja Nakuru mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuja mjini bila mgonjwa au msiba. Nilimkuta steji ya matatu amevaa koti lake la kanisa, la kahawia, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Akatoa mfukoni bahasha ya sadaka. Nyuma yake alikuwa amenakili kwa kalamu tangazo lililobandikwa kwenye lango la kituo cha maziwa cha kwetu, ambako wakulima wa upande ule wote hupeleka maziwa yao: wanatafuta mpimaji, mwenye cheti, mwisho wa kuomba Ijumaa.

"Hili si la nyama," akasema. "Hili ni la juzi."

Niliomba. Waliotuhoji walikuwa kamati ya wakulima, watu waliomjua baba tangu ujana, na baba mwenyewe alikuwa mwanachama wa miaka mingi. Neno lake moja lingetosha. Siku ya mahojiano alibaki nyumbani akikata nyasi za ng'ombe, na mama akaniambia baadaye kwamba alikataa hata kupita barabara ya kituo. "Wasije wakasema," ndilo jibu alilompa. Nilikasirika. Niliona wazee wa wenzangu wanapiga simu, wanabeba kuku, na wangu anakata nyasi. Lakini nilipata ile kazi, miezi mitatu ya majaribio kwanza, halafu waamue kama watanithibitisha.

Nikapanga chumba nyuma ya kinu cha posho, karibu na kituo, kwa sababu maziwa huanza kuingia alfajiri na nyumbani kwetu ni mwendo wa saa nzima kupanda mlima.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mkulima anaweka mkebe mezani, unafungua, unanusa. Unachovya kipimo cha kuonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Halafu unachanganya maziwa kidogo na spiriti kidogo ndani ya kikombe kidogo, unatikisa, unainamisha. Yakiteleza laini, ni mazima. Yakifanya chembechembe kama uji uliovunjika, yamechachuka, au ng'ombe anaumwa kiwele, na ukiyamwaga kwenye tangi pamoja na ya wengine umeharibu maziwa ya kijiji kizima. Kwa hiyo unayakataa. Na hapo kwetu, mkebe uliokataliwa hufungwa uzi mwekundu wa sweta kwenye mshikio, ili mwenyewe asizunguke nyuma ya foleni akajaribu tena kwa bahati.

Watu waliuogopa ule uzi. Mtu alichukua mkebe wake huku ameuficha na koti, na akifika kwenye kona ya kinu cha posho, mahali ambapo foleni haimwoni tena, aliung'oa na kuutupa kwenye ua wa waya. Ule ua ulikuwa na nyuzi nyekundu za miaka. Ndege walijengea viota.

Aliyenitangulia alikuwa mtu mpole, hakupenda ugomvi, alipitisha. Ndiyo maana tangi lilirudishwa kutoka kiwandani Nakuru mara mbili na wakaamua kutafuta mtu aliyesoma. Mimi si mpole. Wiki ya kwanza nilifunga nyuzi kumi na moja. Wazee waliniita madam kwa meno, na akina mama walionibeba mgongoni walinitazama kama nimewaibia. Kulikuwa na mkulima mmoja mkubwa, mwanakamati, mwenye ng'ombe wengi na gari la kubebea maziwa. Yake niliyakataa mara tatu katika wiki mbili. Mara ya tatu hakuuficha uzi. Aliushika juu, akageukia foleni.

"Nyinyi mmewahi kuona huu uzi kwenye mkebe wa babake?"

Hakuna aliyekuwa ameona, kwa sababu maziwa ya baba hayakuwa na kasoro. Baba aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi tangu kabla sijazaliwa. Ng'ombe akitibiwa, aliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, ng'ombe gani, dawa gani, na siku ambayo maziwa yake yataanza kupelekwa tena. Mpaka siku hiyo ifike, yalimwagwa. Siku ikifika, anaupiga ule mstari mkasi, alama ya kuonyesha umekwisha. Tulikua tukichapwa kwa kuuegemea ule mlango na kufuta chaki. Maziwa yake yalikuja kituoni kwa bodaboda pamoja na ya majirani, niliyapima kama ya wote, yakapita kila siku, na kila siku yalipopita niliongezewa adui.

Watu wakaandika barua ya kunilalamikia wakaweka sahihi, na wengine kidole gumba. Jumatatu moja, ukiwa umebaki mwezi mmoja wa majaribio, mwenyekiti wa kamati aliniita nje ya ofisi.

"Madam, sisi tunajua unafanya kazi. Lakini watu wamesema unapendelea kwenu. Mimi siwezi kubishana na sahihi zote hizo. Alhamisi tunakaa, tutaamua. Ukitolewa usichukulie vibaya."

Nichukulie vipi sasa? Nilimpigia baba simu jioni hiyo nikilia wazi, mtu mzima mwenye diploma. Nilimwambia siwezi kurudi Milimani. Nilimwambia heri nisingesoma.

"Maziwa yangu huwa unayapima?" akauliza.

"Kila siku, baba. Kama ya wengine."

"Na wanakuona ukipima?"

"Wanaona, lakini hawaamini."

"Sawa. Kunywa chai ulale, mama."

Jumatano kulikuwa na ukungu na foleni ndefu. Nilimwona baba kabla hajanifikia, kwa lile koti la kahawia. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alikuwa amebeba mkebe mwenyewe begani kutoka mlimani, na nyuma yake katika foleni alisimama yule mkulima mkubwa, ameshusha mikebe yake kwenye gari. Moyo wangu ulifurahi. Nilidhani amekuja kunitia nguvu.

Akaweka mezani mkebe wake wa zamani, ule wa mshikio uliopinda. Nikanusa, nikatia kipimo, nikachanganya na spiriti, nikatikisa. Yakafanya chembe. Nikasuuza kikombe nikarudia. Chembe. Nikarudia mara ya tatu, na watu wa foleni wakaanza kunyoosha shingo.

"Baba," nikanong'ona, "haya yameharibika."

"Sema kwa nguvu," akasema. "Sisikii vizuri."

Baba alikuwa anasikia kuku akitaga nyuma ya nyumba. Lakini sikuwaza hilo. Damu ilikuwa imenipanda kichwani. Kesho yake watu wanaamua maisha yangu, na leo yeye ananiletea maziwa ya namna hii mbele ya adui yangu.

"Maziwa yako hayafai, mzee," nikasema. Nilimwita mzee, kama mtu wa barabarani. Mtu mmoja akacheka.

"Basi funga uzi."

Nikaufunga. Niliuzungusha mara mbili kwenye mshikio, nikakaza fundo kwa hasira mpaka ukucha ukanipasuka. Na kwa kuwa siwezi kunyamaza pale panapofaa kunyamaza, nikamwambia, watu wakisikia, "Unataka nifukuzwe? Yaani siku zote hizi, ukachagua leo?"

"Fanya kazi yako, mama," akasema, na akachukua mkebe wake.

Niliambiwa baadaye na muuza chai kwamba hakuung'oa uzi kwenye kona. Alipita nao katikati ya soko, mkebe begani, uzi ukining'inia, akisalimia watu. Mimi nikaona huo ni ukaidi wa uzee.

Alhamisi kikao hakikuchukua hata nusu saa. Mwenyekiti alitoka akinicheka. "Mtu aliyemfunga babake uzi na kumfokea juu, tutamwambia nini?" Wakanithibitisha siku hiyo hiyo, bila kungoja mwezi uishe. Yule mkulima mkubwa mwenyewe aliniambia, "Wewe huna dawa," na kuanzia wiki iliyofuata maziwa yake yakaja mazima. Tangi halijarudishwa tena tangu siku hiyo. Leo nasimamia vituo vinne na wapimaji tisa, na nimewafundisha kutofoka. Kwa upande wa kazi, nilibahatika kuliko wengi niliosoma nao.

Kwa upande wa baba nilifanya mambo ambayo hayasahihishiki.

Nilikaa na ile hasira. Nilienda nyumbani mara chache, na nikienda nilikuwa msomi. Krismasi, ndugu zangu wote wakiwa sebuleni na wake zao, baba aliuliza maziwa yanaendeleaje kituoni, na mimi nikaona hapo ndipo pa kumfundisha. Nikamweleza namna ya kuosha kiwele. Nilionyesha kwa mikono. Nikamwambia ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho, na maziwa yake yasichanganywe, na kwamba uchafu wa mtu mmoja unaweza kuwanyima wengine chakula. Ndugu yangu mdogo akacheka akasema kanisani siku hizi baba anaitwa mzee wa uzi. Wote wakacheka. Baba alikuwa mzee wa kanisa miaka yote ile, ndiye aliyeshika kapu la sadaka, na sasa watoto walimwita hivyo nyuma ya mgongo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Nimesikia, mama," akasema.

Aliugua kifua mvua zilipoanza. Alilazwa Nakuru, na nilikaa naye mchana mmoja tu kwa sababu nilikuwa na ukaguzi kesho yake. Alikuwa amepungua, koti la kahawia limekunjwa chini ya mto wake. Tuliongea habari za ng'ombe. Akaniuliza, "Kazi inaendelea?" Nikasema inaendelea. Akasema, "Basi ni sawa," akageukia ukutani kulala. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pole kwa yale maneno ya kituoni na ya Krismasi, hata kama bado niliamini kosa lilikuwa lake. Niliangalia saa. Alifariki siku mbili baadaye, nikiwa kituoni nimeshika kikombe cha kupimia.

Baada ya mazishi nilibaki nyumbani wiki moja kumsaidia mama kukamua. Asubuhi ya tatu nilienda stoo kuchukua chumvi. Mlango ulikuwa umejaa chaki yake, mistari juu ya mistari, miaka ya ng'ombe. Niliisoma kwa sababu ulikuwa mwandiko wake na sikuwa na mwingine mpya wa kungojea. Yote ilikuwa imepigwa mkasi. Chini kidogo ya usawa wa macho nikaona jina la siku ninayoijua. Jumatatu, tarehe ileile ambayo mwenyekiti aliniita nje ya ofisi. *Ng'ombe mweusi. Kiwele. Dawa asubuhi. Usipeleke kabla ya Jumamosi.*

Aliniletea Jumatano.

Nilisoma mara nyingi. Nilikuwa na diploma ya maziwa na miezi yote ile sikujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angejiuliza: mtu ambaye hakuwahi kuleta maziwa mabaya, siku ile aliyatoa wapi? Kwenye msumari wa mlango ulikuwa umetundikwa mkebe wa zamani, ule wa mshikio uliopinda, na kwenye mshikio uzi mwekundu, umefifia, na fundo langu.

Nilimkuta mama jikoni akipepeta mchele. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Mama, ule mlango."

Hakujifanya haelewi. Aliweka ungo chini.

"Nilimkatalia," akasema. "Nilimwambia watu watamcheka, yeye mzee wa kanisa. Akasema wacha wacheke, kuchekwa hakuumizi mtu wa miaka yake. Akasema wakiona umemkataa yeye, hawatakuwa na neno. Hata ya ng'ombe wale wengine alimwaga, akakupelekea ya mweusi peke yake, ndio ionekane vizuri."

"Na hukuniambia. Hata Krismasi, vile nilikuwa nikiongea vile."

"Alinikataza. Alisema ukijua utaenda kuwaambia, unajijua."

Ni kweli, ningewaambia. Nikaketi chini kwenye sakafu, nikalia bila kufungua maji popote. Mama aliniacha. Halafu akasema jambo ambalo nimekaa nalo tangu hapo kuliko yote.

"Mimi nilimuuliza, sasa na kama atakuonea huruma ayapitishe? Ukafanya awe mwizi mbele ya watu? Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, huyo? Huyo atayakataa."

Nilirudi kazini Jumatatu. Maziwa ya mama yalikuja kwa bodaboda pamoja na ya majirani, nikayapima watu wakiona, yakapita. Ule mkebe wa mshikio uliopinda niliuomba, na mama akanipa. Uko chumbani kwangu, juu ya kabati. Mara mbili nimejaribu kuufungua uzi, na mara zote mbili nimeacha, kwa sababu yeye alikaa nao hadi mwisho bila kuufungua, na fundo ni la mkono wangu, na bado limekaza.